Gavana Aliyetafuta Machifu

Vitabu vya historia vya sekondari humpa Sir Donald Cameron mistari michache: gavana wa pili wa Tanganyika, aliyetawala kutoka 1925 hadi 1931 na kuleta utawala wa Waingereza kupitia machifu. Mwalimu akitafuta mifano, huja ile ile ya siku zote, Wahaya, Wasukuma na Wachaga, kwa sababu huko Mwingereza aliwakuta watawala wanaojulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa ngoma zao. Sura hii inampeleka Cameron kusini, kwenye uwanda wa juu wa Makonde ulipo mji wa Newala, na chini yake Masasi penye vilima vya mawe. Uwandani hapakuwa na mtemi wala mangi. Naamini sera ya mtawala hupimika vizuri zaidi pale inapokosa pa kushika, na ndiyo maana nimemleta hapa.

Cameron hakutoka katika familia kubwa za Kiingereza zilizozoea kutoa mawaziri na magavana. Alizaliwa mwaka 1872 Demerara, katika koloni la Guiana ya Uingereza, Amerika ya Kusini. Hakusoma Oxford wala Cambridge. Alianza kama karani kijana katika ofisi za koloni hilo, akapelekwa Mauritius, na mwaka 1908 akaenda Nigeria, ambako alipanda hadi kuwa Katibu Mkuu wa serikali. Mtu aliyepanda hivyo hujua faili kuliko wenzake wote. Nigeria alifanya kazi chini ya Lord Lugard, aliyewatawala Wahausa na Wafulani wa kaskazini kupitia maemiri wao, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1922 kuhusu wajibu wa Mwingereza Afrika kilisomwa na maofisa wa makoloni karibu kama msahafu. Aprili 1925 Cameron alipotua Dar es Salaam, alikuwa na umri wa miaka 52 na alijua anachotaka kufanya.

Nchi aliyoikuta kusini ilikuwa imechoka. Majeshi ya Uingereza hayakufika Newala kwa mkataba, yalifika yakimfukuza jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Baada ya mapigano makali ya Mahiwa mwezi Oktoba 1917, Wajerumani walirudi nyuma kupitia Chiwata na Nambindinga, wakashuka kutoka Newala, na tarehe 25 Novemba wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Kila jeshi lililopita lilikula chakula cha wenyeji. Kila jeshi lilitaka wapagazi, na wapagazi wengi hawakurudi makwao. Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa mafua ulioua watu dunia nzima. Na haya yaliwapata watu ambao mwaka 1905 walikuwa wameshaona vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi ikichomwa moto, kisha njaa iliyofuata adhabu ya Wajerumani.

Huko Ulaya, wakati watu wa Newala wanatafuta mbegu, ramani ilikuwa inachorwa upya. Lord Milner, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikubaliana na Wabelgiji wachukue Ruanda na Urundi. Wareno nao wakapewa pembetatu ya Kionga, kipande kidogo kusini ya mdomo wa Ruvuma. Kwa hiyo mto ukawa mpaka kamili, na Wamakonde wa ng'ambo hii wakawa raia wa dola moja na wa ng'ambo ile wa dola nyingine. Kilichobaki cha koloni la Wajerumani kiliwekwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1920 kikapewa jina la Tanganyika. Gavana wa kwanza, Sir Horace Byatt, alikuwa mtu mwangalifu. Aliacha sehemu kubwa ya mfumo wa Wajerumani iendelee: Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya, bomani, akida chini yake, jumbe chini ya akida. Maakida wengi walikuwa watu wa pwani waliojua kusoma na kuandika. Walikusanya kodi na kuamua kesi, na popote walipokaa walihesabiwa kuwa watu wa boma.

Cameron alichukizwa na mfumo huo. Kwa maoni yake, akida asiye na ukoo mahali anapotawala hawezi kupendwa, na serikali inayomtumia inajiharibia yenyewe. Sheria ya Serikali za Wenyeji ya mwaka 1926 ilibeba fikra yake nzima: watu watawaliwe na wakubwa wao wenyewe, mabaraza yao yaamue kesi zao kwa mila zao, na sehemu ya kodi irudi katika hazina ya wenyeji ili ilipe mishahara ya machifu na makarani na kutengeneza barabara na zahanati. Ushuru wa mazao na kazi za bure ambazo machifu walizoea kudai kwa raia zao zilibadilishwa kuwa mshahara wa fedha. Wilaya 22 alizozikuta alizikusanya katika majimbo 11, na Newala na Masasi zikaingia Jimbo la Lindi, ambalo baadaye lilimezwa na Jimbo la Kusini.

Kuna jambo moja katika maagizo yake ambalo wakosoaji wengi hulipita haraka. Cameron hakutaka chifu yeyote tu. Aliwaambia maofisa wake wamtafute yule ambaye watu wenyewe wanamkubali, wasimteue mtu kwa kuwa ni hodari wa kukusanya kodi kisha wakamwita chifu. Kanuni hiyo ilikuwa ya haki. Huko Bukoba na Usukuma ilimaanisha kuthibitisha kiti ambacho tayari kilikuwa na mtu. Newala iliwaweka maofisa njia panda, kwa sababu waliouliza kwa uaminifu ni nani mkubwa wa Wamakonde walipewa jibu ambalo sheria ya 1926 haikuwa na mahali pa kuliandika.

Uwanda wa Makonde ni nchi ya ajabu kidogo. Mvua inanyesha, miti na vichaka vinaota kwa wingi, lakini udongo hunyonya maji yote na juu hapana mto wala chemchemi ya kutegemewa. Ukisimama kwenye ukingo wa Newala, pale panapoitwa Shimo la Mungu, unaona bonde la Ruvuma likienda mpaka Msumbiji, na unaelewa mara moja maana ya kuishi juu na kunywa chini. Vizazi kwa vizazi wanawake waliteremka mabondeni na vyungu, wakapanda tena kwa njia za miguu zenye mwinuko mkali, na safari hiyo ilikula sehemu kubwa ya siku. Nani angechagua kukaa hapo? Mtu anayekimbia. Vichaka vizito viliwaficha watu kutokana na wakamata watumwa na mashambulizi ya Wangoni, na ukosefu wa maji uliwachosha wavamizi kabla hawajafika. Waliopanda juu walikuwa wamechagua usalama na uhuru, wakalipa kwa maji.

Nchi ya namna hiyo haizai falme. Kiongozi wa Kimakonde alikuwa mkulungwa, na eneo lake liliitwa chirambo. Mtu alipata ukulungwa kwa kufungua msitu: aliondoka na ndugu zake wa upande wa mama na watu wengine waliomwamini, akafyeka, akazika wafu wake wa kwanza hapo, akagawa ardhi kwa waliomfuata. Yeye ndiye aliyesema na mizimu ya mahali pale kabla ya kilimo na kabla ya vijana kuingia jandoni. Alisuluhisha ugomvi, lakini hakuwa na askari. Aliyechoshwa naye, hasa kijana mwenye akili na wafuasi, alihama na kufungua chirambo chake. Nyuma ya wanaume hawa walikuwapo dada na mama wa ukoo, kwa kuwa nasaba ilifuata tumbo la mama, na mjomba alikuwa na sauti kwa watoto kuliko baba. Virambo vilikuwa vingi mno, na hakuna mkulungwa aliyekubali kwamba mwenzake ni mkubwa wake.

Wageni waliopita huko karne ya 19 waliandika majina ya wakubwa, na majina hayo mara nyingi hayakuwa ya Kimakonde. Matola wa Newala alikuwa Myao. Mwaka 1882 Wangoni walipoivamia Masasi, ambako wamisheni wa Kianglikana wa UMCA walikuwa wamewapa makazi watumwa walioachwa huru tangu 1876, sehemu ya misheni ilihamia kwake. Nakaam wa Chiwata alikuwa Myao. Machemba, aliyejenga ngome uwandani na kumwandikia kamanda wa Kijerumani Wissmann mwaka 1890 barua ya Kiswahili ya kukataa kuwa mtumwa wake, naye alikuwa Myao, na aliwasumbua Wajerumani mpaka 1899 alipovuka kwenda Msumbiji. Hawa walikuwa viongozi wenye bunduki na misafara ya pembe za ndovu, waliozungukwa na wafuasi kutoka makabila mbalimbali. Mzungu aliwaona haraka kwa sababu walifanana na picha ya chifu aliyokuja nayo kichwani. Mkulungwa aliyekaa na ndugu zake kwenye vichaka, bila ngome wala tarumbeta, hakuonekana.

Basi ofisa wa miaka ya 1920 alikuwa na njia mbili. Angeweza kumchukua mtu mwenye nguvu, kwa mfano wa ukoo wa Kiyao, na kumweka juu ya Wamakonde, lakini hapo angekuwa anarudia kosa la akida ambalo gavana wake alilikataza. Au angewachukua wakulungwa wenyewe, na hapo angekuwa na kundi kubwa la wazee ambao kila mmoja anatawala watu wachache na hakuna anayemwamuru mwingine. Iliyojaribiwa Newala ni njia ya pili: wakulungwa walikusanywa katika mabaraza, wakapewa vikao, kesi na posho, na kutarajiwa watawale kwa pamoja. Mzee aliyekuwa akisikilizwa kwa sababu babu yake mzaa mama ndiye aliyefyeka msitu ule sasa alikaa na wazee wa misitu mingine, akitakiwa kupiga kura juu ya ugomvi wa watu asiowajua na kudai kodi kwa watu wasiomwabudia mizimu. Kanzu hii ilikuwa imeshonwa Kano, kaskazini ya Nigeria, kwa kipimo cha emiri, na mabega ya Newala hayakuijaza.

Inafaa tutazame kwa karibu jinsi maofisa walivyotafuta habari, maana hapo ndipo mengi yalipoamuliwa. Kila boma lilikuwa na kitabu kikubwa cha wilaya. Bwana Shauri aliandika humo historia za makabila, orodha za wakubwa, ramani za koo na mila za ndoa na urithi. Aliwaita wazee, mkalimani akaketi katikati, maswali yakaulizwa: mlitoka wapi, nani alitangulia, nani alimpa nani ardhi. Wazee walijibu, na hawakuwa wajinga. Walijua kwamba jibu lina mshahara ndani yake. Ukoo uliotajwa kuwa wa kwanza kufika ungepata kiti, na ukoo uliosahauliwa ungekosa. Kwa hiyo simulizi ambazo hapo awali zilikuwa na nafasi ya kubishaniwa ziliganda kwenye karatasi zikawa ushahidi. Mtafiti anayefungua vitabu hivyo leo anapaswa kusoma kila ukurasa akijua nani alikuwa anasikiliza. Wanawake wa ukoo, ambao bila wao nasaba yote ya Kimakonde na Kimakua haipo, karibu hawamo kabisa, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuwauliza nani mwenye nchi.

Palikuwa pia na tatizo la Ruvuma. Watu walikuwa wakivuka kutoka Msumbiji mwaka hadi mwaka, wakiikimbia kazi ya shuruti ya Wareno. Wengi waliitwa Wamawia, nao walikuwa Wamakonde wa ng'ambo, wenye chale usoni na ufundi wa kuchonga ambao baadaye uliwapa jina duniani. Waliingia mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani, wakalima kwenye virambo vya watu wengine. Sera iliyosema kila kabila liwe na mamlaka yake na mipaka yake iliwaweka wapi? Walikuwa wageni wanaosema lugha inayofahamika, na mizimu yao ilibaki upande wa pili wa mto.

Upande wa Masasi mambo yalikuwa mchanganyiko zaidi. Wayao na Wamakua walikuwa na wakubwa wanaotambulika kuliko Wamakonde, ingawa wadogo kwa kipimo cha Bukoba. Na Masasi ilikuwa na mamlaka nyingine ambayo Cameron hakuiunda: misheni. Mwaka 1926, mwaka ule ule wa sheria ya Serikali za Wenyeji, Masasi ilifanywa dayosisi na Vincent Lucas akawa askofu wake wa kwanza. Tangu 1913 Lucas alikuwa ameanza kuendesha jando la Kikristo, ambamo wavulana wa Kanisa waliingia kumbini na kutoka wakiwa wametahiriwa na kufundwa, huku mambo ambayo Kanisa halikuyakubali yameondolewa na sala zimewekwa mahali pa matambiko. Mapadri Waafrika walishika sehemu kubwa ya kazi hiyo, na bila wao askofu asingejua aanzie wapi.

Naona ni vigumu kumwelewa Cameron wa kusini bila Lucas. Wote wawili waliamini kwamba Mwafrika asigeuzwe nakala ya Mzungu. Wote wawili walitaka kujenga juu ya kitu cha asili. Na wote wawili walijipa mamlaka ya kuamua kipi ni cha asili na kipi kitupwe. Tofauti ni kwamba Lucas alikuwa na bahati ya kushika kitu hai. Kila mzazi wa Masasi, awe Mkristo, Mwislamu au wa dini ya mababu, alitaka mwanawe apite jandoni, kwa hiyo askofu alipata watu. Gavana alitaka Wamakonde wawe na mamlaka moja juu ya wote, jambo ambalo hawakuwahi kulitaka.

Lazima sasa tutoke Newala kidogo, kwa sababu kumhukumu Cameron kwa uwanda huu peke yake kungekuwa kumdhulumu. Vita yake kubwa ilikuwa London. Leo Amery, waziri wa makoloni kutoka 1924 hadi 1929, alitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe, na gavana wa Kenya, Sir Edward Grigg, aliuona muungano huo kuwa njia ya kujenga dola kubwa ya walowezi yenye makao Nairobi. Cameron alipinga tangu mwanzo. Alisema Tanganyika ni nchi ya udhamini, Uingereza imeapa mbele ya mataifa kuitunza kwa ajili ya wenyeji wake, na kuitia mikononi mwa walowezi wa Kenya ni kuvunja kiapo. Alisafiri kwenda kujieleza, akawa tayari kuacha kazi, akagombana na watu waliokuwa na uwezo wa kumfukuza. Tume ya Hilton Young ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1928, na mwaka 1931 kamati ya pamoja ya Bunge la Uingereza ikasikiliza mashahidi. Kutoka Tanganyika walikwenda Waafrika watatu: Mtemi Makwaia wa Shinyanga, Francis Lwamugira wa Bukoba na Martin Kayamba wa Tanga. Muungano ule haukufanyika.

Mtu wa Masasi aliyekuwa analima muhogo wakati huo hakusikia habari za Amery. Lakini fikiria kama Grigg angeshinda. Sheria za ardhi na za kipande zilizowabana Wakikuyu zingekuwa na njia iliyonyooka kuja kusini, na bunge la walowezi Nairobi ndilo lingeamua bei ya kazi ya mtu wa Newala. Kwa hili moja Watanganyika wanawiwa deni na Cameron, na silisemi kwa shingo upande. Ni kweli kwamba yeye mwenyewe aliwafungulia walowezi ardhi huko Iringa, na kwamba Baraza la Kutunga Sheria aliloanzisha mwaka 1926 lilikuwa na wajumbe saba wasio maofisa, Wazungu watano na Wahindi wawili, bila Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza waliingia 1945, nao walikuwa machifu, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Mfumo wa Cameron ulikuwa umeshaamua kwamba Mwafrika anayestahili kusikilizwa ni chifu. Kusini, ambako chifu ilibidi atafutwe, uamuzi huo ulimaanisha ukimya mrefu.

Ila katika mwaka wa 1929, Cameron akiwa bado gavana, Dar es Salaam ilizaliwa African Association. Waanzilishi wake walikuwa makarani, walimu na wafanyabiashara wadogo, watu wa makabila mengi waliokutana mjini, na Kleist Sykes akawa katibu. Rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu wa Kiyao, Cecil Matola. Jina hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa Newala. Alikuja kuwaongoza Waafrika wa mjini kwa elimu yake, katika chama kisichouliza kabila, wakati serikali inazunguka vijijini ikiandika nani ni wa kabila gani. Kutoka chama hicho ilikuja TAA, na kutoka TAA mwaka 1954 ikaja TANU. Serikali ya Cameron ilikiacha chama kiwepo, pengine kwa kukiona ni klabu ya makarani tu. Ukiangalia mstari wote kutoka 1929 mpaka uhuru, chama kile kilizaa kikubwa kuliko mabaraza yote ya wakulungwa.

Shule zilifanya kazi hiyo hiyo. Serikali ilikuwa na shule ya Tabora, iliyofunguliwa 1925 hasa kwa watoto wa machifu, ili warithi viti vya baba zao wakiwa wamesoma. Kusini, ngazi ilikuwa misheni: Chidya ya Waanglikana, Ndanda ya Wabenediktini, na shule za vijijini zilizofundisha kwa ubao mmoja. Kijana aliyepanda ngazi hiyo hakuulizwa ukulungwa wa mjomba wake. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Novemba 1938 na kukulia Lupaso, Masasi, alipita Ndanda, Kigonsera na Pugu hadi Makerere, na mwaka 1995 akawa Rais wa awamu ya tatu. Njia yake haikupitia kiti chochote ambacho sheria ya 1926 ilikitambua.

Cameron aliondoka mwaka 1931, akarudi Nigeria kama gavana mpaka 1935. Huko aliwashangaza wengi kwa kuwabana maemiri ambao Lugard aliwalea. Alisema wazi kwamba utawala wa kienyeji usiokua na usiosahihishwa hugeuka udhalimu unaolindwa na bendera ya Uingereza. Nampa heshima kwa hilo. Ni watu wachache wanaokubali kukosoa nyumba waliyoijenga. Kumbukumbu zake za utumishi wa Tanganyika na Nigeria zilichapishwa 1939, na alifariki mwaka 1948.

Newala haikumsubiri afe ili kubadili alichokiacha. Mabaraza ya wakulungwa yalilegea. Kodi ilichelewa, kesi zilikwama, na maofisa waliofuata, wasio na subira ya Cameron, walitaka mtu mmoja wa kumwamuru. Wakarudisha liwali, cheo cha pwani tangu enzi za Sultani na Wajerumani, kile kile ambacho fikra ya 1926 ilikusudia kukifuta. Maliwali wapya walikuwa watu wa kwao, wamesoma, na baadhi walikuwa hodari kwa kweli. Yustino Mponda, liwali wa Newala, aliingia Baraza la Kutunga Sheria katika miaka ya 1950, na kupitia kwake uwanda ukapata sauti Dar es Salaam. Lakini liwali alikuwa mtu wa boma na kila mtu alijua hivyo. Miaka ile ile mradi wa maji wa Makonde ulianza kusukuma maji kutoka mabondeni kwa pampu na mabomba. Kwa mwanamke wa Newala, bomba lile lilibadili siku yake kuliko cheo chochote kilichowahi kutangazwa bomani.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta sheria ya machifu. Huko Bukoba na Uchagani jambo hilo liliwauma wengi, na bado lina watu wanaolizungumza kwa huzuni. Newala liwali aliondoka kama mtumishi anayehamishwa, akaja katibu tarafa, kisha mwenyekiti wa kijiji na balozi wa nyumba kumi. Mkulungwa hakufutwa, kwa sababu cheo chake cha kweli hakikuwahi kutoka kwenye sheria. Wapo wazee wa koo ambao mpaka leo huitwa kabla vijana hawajapelekwa jandoni, na mgogoro wa mpaka wa shamba la mikorosho ukifika baraza la kijiji, mwenyekiti ana muhuri na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, lakini anayeombwa kusimama shambani na kuonyesha ni wapi fulani alianza kufyeka ni mzee wa ukoo uliofungua mahali pale.